Shangazi wa Batiki anajibu: Kalamu ya shaba inaziba, nifanyeje?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza vyombo, rangi wameuliza wachache na soko hamna, mpaka nikashangaa, kumbe kuna video ya akina mama wa Java, kile kisiwa cha Indonesia, inazunguka WhatsApp, wamekaa kwenye vigoda wanachora nta kwenye kitambaa kama mtu anayeandika barua, maana palipo na nta rangi haiingii, ndo batiki yenyewe. Haya, leo ni vyombo zaidi. Mi nimejifunza batiki Dar kwa sponji na mishumaa, baadaye sana nikabahatika kukaa wiki tatu Giriloyo, kijiji cha kusini mwa mji wa Yogyakarta hukohuko Java ambako karibu kila nyumba kuna mchoraji, kwaiyo nikisema wao wanafanya hivi ujue nimekaa nao, na nikisema sisi tunafanya hivi ndo ninachofanya uani kwangu mpaka leo.

Shikamoo shangazi. Mwanangu yuko Indonesia kimasomo, kaniletea kikalamu cha shaba wanaita canting. Nimeyeyusha mishumaa nikachota, mwanzo kikadondosha matone kitambaa chote kikawa madoa, baada ya dakika mbili kikaziba kabisa. Kibovu hiki au mimi ndo sijui?
*Mama Duka, Tanga*

Marahaba mama. Kikalamu ni kizima, na wewe unajua, ila nta yako haikulelewa. Ngoja nieleze taratibu maana hapa ndo penyewe.

Kwanza jina, wanaandika canting ila wanatamka chanting, sisi tuseme tu chantingi. Ina sehemu tatu: mpini wa mwanzi au mti, kikombe kidogo cha shaba cha kubebea nta, na mrija mwembamba uliopinda mbele ambao ndo unaandika. Kile kikombe wanakiita nyamplung, na nyamplung ni mti, na huo mti ni mtondoo wetu huuhuu wa pwani, shika tunda la mtondoo mkononi utaliona umbo la kikombe. Mi nilivyoambiwa nilicheka peke yangu, nimesafiri kote kule naenda kukutana na mtondoo.

Sasa shaba haikuchaguliwa kwa urembo. Shaba inapokea moto haraka, ukichovya tu kikombe kinakuwa na joto lile lile la nta, lakini pia ukikitoa kinapoa haraka, yaani una muda mfupi sana. Yule bibi niliyekaa naye hachori hata nusu dakika bila kurudi kuchovya, na ndo maana karai lao la nta haliko jikoni, liko pembeni ya goti. Wanaliita wajani, kikarai kidogo cha chuma, chini yake kuna jiko dogo la udongo la mkaa wanaliita angilo, na kipepeo cha mwanzi cha kupepelea moto ukilegea. Siku hizi wengi wana jiko dogo la umeme chenye kurekebisha joto, na mimi nacho ninacho, sitakudanganya kwamba mkaa ni bora.

Wewe ulianza na nta ya moto mno ikakimbia yenyewe, ukatoka na kalamu mbali na jiko ikaganda. Matone mwanzo, kuziba mwisho, ugonjwa ni mmoja.

Fanya hivi. Chovya, acha chantingi ikae ndani ya nta sekunde kadhaa ipate joto, chota nusu kikombe usijaze, alafu futa tako la kikombe kwenye ukingo wa karai maana matone mengi hayatoki mdomoni yanatoka chini ya kikombe. Kabla ya kugusa kitambaa puliza mdomo wa mrija, pfuu kidogo tu, wale mama wote wanapuliza, unaondoa tone lililoning'inia na kuzibua njia. Ushikaji si kama peni: mpini unalala, mrija unagusa kitambaa kwa juu juu bila kukwaruza, na mkono wa kushoto uko nyuma ya kitambaa unakisapoti. Ukimaliza mstari inua mdomo juu upesi.

Joto utalijua kwa kutazama mstari. Ukiwa unang'aa kama umelowa na ukigeuza kitambaa unauona upande wa pili, hapo sawa. Ukisimama juu ya kitambaa kama utandu mweupe wa mafuta yaliyoganda, nta ni baridi, rangi itapita chini yake na utalia. Ukitanuka wenyewe kama wino kwenye karatasi ya choo, ni moto mno.

Ikiziba usichokonoe na sindano tafadhali, utapanua tundu na chantingi ya mistari itakuwa ya kujazia. Tumia unyuzi mmoja wa brashi ya nguo au wa ufagio mwembamba, ukiwa umeichovya kwanza ipate moto. Na usiichome kwenye moto wa gesi, ile risasi iliyounganishia mrija inayeyuka, mimi nimeua chantingi mbili namna hiyo siku moja.

Jambo la mwisho, angalia uliyonayo ni ya nini. Kuna ya tundu dogo kabisa ya vidoti, ya kati ya kuchora mistari mikuu, na pana ya kuziba sehemu kubwa, alafu kuna zenye midomo miwili, mitatu mpaka zaidi za kupiga vidoti kwa mpigo. Anayeanza apewe ya kati. Kama mwanao kakuletea ya vidoti, hata bibi wa Giriloyo angeanza nayo angeitupa.

Shangazi, nta ya kwao ni ipi? Mi natumia mishumaa mitupu na kitambaa kikiingia kwenye rangi kinapasukapasuka mpaka mchoro haueleweki.
*Binti wa Nyegezi, Mwanza*

Mshumaa wa dukani ni parafini, na parafini ikipoa inakuwa kavu kama kaukau, ukikunja kitambaa inavunjika, rangi inapenya kwenye nyufa. Nta ya nyuki ni kinyume chake, inanata na inakunjika, ila ni ghali, na inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 hivi. Wale wa Java hawatumii kitu kimoja. Nta yao wanaiita malamu, ni mchanganyiko: parafini, nta ya nyuki, utomvu wa msonobari uliopikwa ukawa mgumu kama kioo cha njano, utomvu mwingine wa damari, na mafuta ya mnyama kidogo ya kulainisha. Utomvu ndo unaoifanya ishike kitambaa, mafuta ndo yanaifanya itiririke. Na wanachanganya tofauti kwa kazi tofauti, nta ya mistari ni laini na inatiririka, ya kujazia maeneo makubwa ni nzito na ina kunata zaidi maana ikipasuka pale hasara.

Wewe jaribu sehemu mbili za mshumaa na moja ya nta ya nyuki, Tabora si mbali na kwenu na asali wanakamua kila mwaka, nta wengi hawana kazi nayo. Ukipata utomvu wa msonobari weka kidogo sana. Andika vipimo vyako kwenye daftari, usinakili vyangu, maana mshumaa wa kila kiwanda una tabia yake.

Ila na wewe usiziogope nyufa kupita kiasi. Kule Java kwa batiki nzuri ya mkono ufa ni kosa, mchoraji anaona aibu. Huku kwetu wateja wanaupenda, mi nina mama mmoja ananiambia kabisa nataka yenye mishipa. Basi hapo unakunja kitambaa makusudi kikiwa kimepoa, biashara inakwenda.

Na kitu kimoja cha usalama nitakirudia mpaka mnichoke: nta ikishika moto USIMWAGE MAJI. Mwaka mmoja niliacha sufuria kwenye gesi nikaenda kupokea simu, nakuta moto umefika dirishani na kijana wangu kashika ndoo. Nilimpigia kelele mpaka majirani wakaja. Funika na mfuniko, zima gesi, kaa mbali. Na moshi ukianza kutoka kwenye nta ujue umeshachelewa, punguza.

Je ni kweli vitenge vimetokana na batiki ya Java au ni hadithi za mitandaoni?
*Msomaji, Kigoma*

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Java ilitawaliwa na Waholanzi, viwanda vya kwao vikaanza kuiga batiki kwa mashine, mojawapo ni Vlisco ya mji wa Helmond iliyoanzishwa 1846 na bado ipo. Badala ya nta mashine zilipaka utomvu pande zote mbili za kitambaa, utomvu ukawa unapasuka na kuacha mishipa ya rangi, watu wa Java hawakuvutiwa, soko kubwa likaja kupatikana Afrika Magharibi na baadaye huku kwetu. Ndo maana ukiingia Kariakoo muuzaji anakwambia hiki wax hiki java, na ukitazama pindo utaona limeandikwa hivyo hivyo. Wengi tunavaa jina la kisiwa bila kujua.

Nimeona kwenye hiyo video wanaume wanagonga muhuri wa shaba badala ya kuchora. Mimi nina vibao vya mti na sponji. Nibadilishe?
*Kijana wa Likoni, Mombasa*

Usibadilishe, ila ujue tofauti.

Ule muhuri wanauita cap, wanatamka "chap", na wewe unayesema chapa umeshaelewa, maana neno letu na lao yote yametoka Bara Hindi. Ulianza kutumika Java karne ya 19, katikati hivi, na kazi yake ikawa ya wanaume wakati chantingi imebaki zaidi kwa wanawake. Sababu wanayokupa ni uzito, na kweli ni mzito, nilijaribu asubuhi moja mchana kiwiko kikanikatalia.

Ukiugeuza ndo utashangaa. Haujachongwa kama kibao chako. Ni vipande vyembamba vya bati la shaba vimekunjwa kimoja kimoja kufuata mchoro, vikasimamishwa wima kwenye fremu na kuunganishwa kwa risasi, nyuma kuna mpini. Vipo vya vidoti ambavyo ni mamia ya nyaya zimesimama kama meno ya chanuo. Fundi wa kutengeneza chapa ni fundi wa peke yake, wala si mchoraji.

Na hauchovywi kwenye nta ya kina. Kuna sinia pana la bapa juu ya jiko, ndani wanaweka nyavu za shaba na juu yake kitambaa kizito kilicholowa nta, ni kama pedi ya muhuri wa ofisini lakini ya moto. Chapa inakaa pale ipate joto, inanyanyuliwa, inakung'utwa kidogo, inawekwa kwenye kitambaa, kikishiba inarudi. Meza yenyewe si mbao tupu, ina godoro jembamba lenye unyevu ili nta ipoe upesi na kitambaa kisigande mezani. Hii meza ndo nakushauri uibe wazo lake leo hii: magunia mawili yaliyolowa, juu nailoni, juu kitambaa chako. Utaona chapa zako zinavyotoka safi.

Sasa sponji yako. Wenzetu wengine wanaicheka, mi siichezei. Sponji ya godoro unaikata kwa wembe dakika kumi, inabeba nta nyingi, haina uzito, na ukichoka na mchoro unatupa. Kibaya chake haitoi mstari mwembamba na kingo zinavimba. Kibao cha mti kinatoa mstari mzuri zaidi lakini mti haupitishi joto, nta inaganda usoni mwake, kwaiyo kiache ndani ya nta ya moto muda mrefu mara ya kwanza mpaka mapovu yaishe ndo uanze kugonga. Shaba inashinda yote kwa sababu ya joto tu. Ila bei ya chapa moja ya shaba unaweza kununua majora ya kitambaa, na wewe wateja wako wanabadilisha mchoro kila msimu. Kaa na sponji.

Kwa kuuza ujue na hili: kitambaa cha chantingi kinakula wiki, kizuri sana miezi, kwa sababu wanachora upande mmoja wakimaliza wanageuza na kufuatisha mistari ile ile upande wa pili. Cha chapa kinaisha upesi mno ukilinganisha. Ukikuta mtu anakuuzia "batiki ya mkono kutoka Java" kwa bei ya kanga, geuza upande wa nyuma. Kama rangi imefifia kule, hiyo imechapwa kiwandani, hakuna nta iliyopita pale.

Lazima nikae kwenye kigoda? Mgongo unauma.
*Bi mkubwa, Muscat*

Si lazima bibi yangu, shikamoo. Kigoda chao wanakiita dingkliki, kifupi kama unakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kimewekwa chini kwa sababu jiko liko chini. Ukipandisha jiko juu ya meza pandisha na kiti. Kitu usichokiache ni gawangani, ule mti wa kutundikia kitambaa, wa mwanzi au mbao, unafanana na kianikio cha taulo. Kitambaa kinaning'inia kwa mbele kikiwa na mteremko, huku hapo juu wanakibana na kipande kizito cha mti au bati kisipeperuke na upepo. Kitambaa kilicholala mezani nta inakigandisha na meza, kilichoning'inia nta inapita. Na weka kitambaa kizee mapajani, nta ya moto ikidondoka haiulizi umri.

Shangazi naishi Kilwa, nasikia wale wa Java wanapata rangi ya kahawia kwenye miti. Miti gani, na sisi tunayo?
*Mwalimu, Kilwa*

Swali zuri kuliko yote mwezi huu. Ile kahawia ya dhahabu ya Solo na Yogyakarta wanaiita soga. Inapikwa kwa magome na mbao za miti kadhaa pamoja, na mmoja wanaouita tingi ni mkandaa. Ndiyo, mkandaa huohuo ulio nyuma ya nyumba yako, mikokoni, ambao wazee walitumia magome yake kutengenezea ngozi na kutilia rangi nyavu. Gome linachemshwa muda mrefu, maji yanachujwa, yanaachwa yapoe KABISA maana rangi ya moto itayeyusha nta, kitambaa kinachovywa, kinaanikwa kivulini, kinachovywa tena, mara nyingi, siku baada ya siku. Mwisho wanakifunga rangi kwa chokaa au shabu, lile jiwe jeupe la kunyolea, na kila kimoja kinatoa kahawia tofauti.

Vyombo vyake ni vya kawaida, mtungi au pipa na sufuria kubwa. Bluu wanayoanza nayo ni nili, wanaichachusha na sukari guru na chokaa, na pipa la nili halisogezwi wala halikorogwi ovyo, nilikoroga nikafukuzwa uani.

Ila mwalimu, usiende kuchuna mikoko. Ni msitu wa hifadhi, inataka kibali, na mti ukichunwa gome kuzunguka unakufa. Ulizia kwanza wanaokata nguzo kihalali, magome wanayaacha chini.

Nimekoroga kostiki na rangi kwenye sufuria ya alumini ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, ikatoboka. Hii ni nini? Na nikitaka kutoa mshumaa nitumie chombo gani?
*Kikundi cha akina mama, Morogoro*

Poleni sana na mshukuru hamkuungua. Kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, inakula alumini, na inapokula inatoa gesi inayoshika moto, kwaiyo kama jiko lilikuwa karibu mlikuwa pabaya. Kostiki ni ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha enameli kisicho na banduko, basi. Maji kwanza, kostiki baadaye kidogo kidogo, kamwe msimwagie maji kostiki. Glovu ndefu, si zile za hospitali. Na ile haidro, unga unaotiwa pamoja na kostiki kuyeyushia rangi, ifungwe kavu kabisa, ikipata unyevu kwenye kopo inaweza kuwaka yenyewe.

Rangi iwe ya uvuguvugu wa kuvumilika na mkono tu, zaidi ya hapo mshumaa unalegea kabla hamjamaliza.

Kutoa mshumaa, kule Java kuna njia mbili. Moja ni kukwangua kwa kipande cha bati butu pale tu wanapotaka rangi nyingine iingie, kitambaa kikiwa kimelowa maji ya baridi ili nta iwe ngumu. Ya pili ni ya mwisho, kuchemsha kwenye sufuria kubwa na magadi kidogo, wanainua na kushusha kitambaa kwa mti, nta inaelea, wanaihamishia kwenye maji ya baridi na kusugua. Kwa hii hata pipa la chuma lililokatwa linafaa.

Na ile nta inayoelea msimwage mtaroni, itaziba na majirani watawatafuta. Acheni maji yapoe usiku mzima, asubuhi mtaikuta juu imekuwa mkate, vunjeni, ichemsheni mpaka maji yaishe ndani yake na kelele za kupasukapasuka zikome, ichujeni kwenye kitambaa cha zamani au chujio la waya. Rangi yake itakuwa chafu ya kahawia, hiyo ndo wale mama wa Giriloyo wanajazia maeneo makubwa, ile mpya safi wanaiweka kwa ajili ya mistari.